Nahamia mji wa pwani: nichagueje mtaa salama wenye kodi ninayoimudu?

Mama_Wawili

Habari zenu wakuu. Nimekulia bara, mbali kabisa na bahari, na sasa kazi imenihamishia mji wa pwani. Nakwenda na watoto wawili pamoja na mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua na ana presha. Mshahara wangu ni wa nyumba ya kawaida, kwa hiyo zile zinazotazama maji nilizifuta mapema.

Dalali kanitumia picha za nyumba tatu. Moja iko karibu kabisa na ufuo, na kodi yake ni ndogo kuliko zile mbili zilizo mbali. Hapo ndipo ninaposhikwa na wasiwasi. Inakuwaje ya karibu na bahari iwe rahisi? Nikimuuliza ananijibu kwamba mwenye nyumba ana haraka ya kupata mpangaji. Anayeijua pwani anisaidie: nikifika niangalie nini, na nimuulize nani? Nikisema salama nina maana ya wezi, maji na afya ya mama, vyote.

Zamu_Ya_Usiku

Dada, mimi nianze na wezi. Mwenye nyumba usimuulize, atakuambia mtaa umetulia. Waulize wanawake wanaorudi usiku: wauguzi, wanaofunga maduka, wanaofanya usafi maofisini. Swali ni moja tu: ukishuka kituoni usiku, unapita njia gani hadi nyumbani? Akikwambia anazunguka barabara kubwa ilhali kuna njia ya mkato, umeshajibiwa kuhusu ile njia ya mkato.

Halafu angalia mtaa una wakazi au una wageni. Miji mingi ya ufukweni ina msimu. Msimu ukiisha, nyumba za kupangisha wageni zinabaki zimefungwa, na wewe unabaki na watoto katikati ya madirisha yenye giza, huna hata jirani wa kumwita. Nenda ukaone mtaa msimu ukiwa chini. Na mkataba uwe wa mwaka mzima kwa maandishi, kwa sababu wapo wenye nyumba wanaompangisha mtu miezi ya ukame wa wageni kisha wakamtoa msimu ukirudi.

Fundi_Nondo

Dada Mama_Wawili, kazi yangu ni kujenga na kukarabati nyumba za pwani, nami nitakujibu kwa jicho hilo. Nyumba ya karibu na bahari ikiwa rahisi, kabla hujasikia habari ya haraka ya mwenye nyumba, tafuta maji na chumvi.

Tuanze na maji. Bahari haijai sawasawa kila siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, inajaa sana na kupwa sana: hayo ni bamvua. Katikati ya hapo ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Dalali akikupeleka siku ya maji mafu utaona ufuo mpana na mchanga mkavu, na utalipa. Wewe nenda siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo, saa ile maji yamejaa kabisa. Ratiba za maji zipo kwenye intaneti, na wavuvi wanazo kichwani. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba.

Ukiwa pale, usitazame bahari. Tazama mfereji wa mtaa. Watu wanadhani mafuriko ya pwani ni wimbi linaloruka ufuo na kuingia ndani. Mara nyingi sivyo. Mvua kubwa inanyesha wakati bahari imejaa, maji ya mvua yanateremka hadi mdomo wa mfereji, yanaukuta umezibwa na bahari, yanarudi mitaani. Ukiona maji ya chumvi yanapanda mfereji kuelekea nyumbani siku ambayo hata wingu hakuna, jua siku ya mvua itakuwaje. Tena bahari yenyewe imepanda kwa takriban sentimita 20 tangu mwanzo wa karne ya 20, kwa hiyo mfereji uliofaa zamani huenda haufai leo.

Angalia na kuta. Rangi mpya inayoishia magotini na juu yake rangi ya zamani inaficha alama. Angalia milango ya majirani: wakiwa wamejenga vizingiti virefu mlangoni, hawakufanya hivyo kwa urembo.

Sasa chumvi. Zege zuri hulinda nondo zisipate kutu. Chumvi ya bahari ikipenya hadi kwenye chuma, kinga hiyo inavunjika. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, hivyo inalisukuma zege na kulipasua kutoka ndani. Ingia chini ya baraza na chini ya ngazi, tazama dari na nguzo. Nyufa ndefu zilizonyooka na madoa ya kahawia zinakuonyesha nondo zilipopita. Gonga kwa funguo. Pakilia kama debe tupu, zege limeachana na chuma. Plasta mpya juu yake haitibu kitu. Nawaomba sana watu wasilaze watoto chini ya dari ya namna hiyo, hata kodi ikiwa bure.

Kuhusu mama: kama nyumba inatumia kisima, onja maji kiangazi kinapokaribia kwisha. Karibu na bahari, maji matamu chini ya ardhi yamekaa juu ya maji ya chumvi. Kwa hesabu za wataalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 zake chini ya usawa huo. Mtaa mzima ukivuta kwa pampu, maji matamu yakishuka kidogo tu, chumvi inapanda sana. Mgonjwa wa presha hapaswi kunywa maji hayo kila siku.

Mama_Wawili

Fundi, Mungu akubariki, nimesoma mara mbili mbili. Mama naye anauliza habari za tsunami. Anakumbuka ile ya 2004 na anasema hakai karibu na bahari.

Mwana_Maji

Mwambie mama hofu yake ina msingi, na ina dawa. Ile ya tarehe 26 Desemba 2004 ilianzia Sumatra, Indonesia, ikavuka bahari nzima hadi kuua watu Somalia. Lakini kisiwa cha Simeulue, kilichokuwa karibu sana na chanzo, kilipoteza watu wachache mno, kwa sababu wazee walikuwa wamewarithisha wajukuu jambo moja: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikikimbia, panda mlimani, usingoje kuambiwa.

Kwa hiyo ukikagua nyumba, tembea na mama kwa mwendo wake kutoka mlangoni hadi mahali pa juu. Kama njia hiyo inavuka daraja juu ya mkono wa bahari, nyumba hiyo iache. Hata kimbunga, ambacho huwa kinatangazwa mapema, kinahitaji njia ya kutokea. Beira, Msumbiji, mwezi Machi 2019, Idai ilipopiga, barabara zilikatika na mji ukabaki peke yake.

Uliza pia kama kiwanja kilikuwa na mikoko. Mikoko huvunja nguvu ya mawimbi. Pakikatwa na kufukiwa kifusi ili pajengwe, maji hayasahau njia yao, na hapo ndipo kodi rahisi nyingi zinapotoka.

Mpangaji_Mzoefu

Mimi ningesema achana na ufuo kabisa. Panda kilomita tatu nne ndani, kwenye mwinuko. Bahari utaifuata siku ya mapumziko.

Fundi_Nondo

Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila ajumlishe kodi na nauli ya watu wote wa nyumbani, pamoja na safari za mama hospitali. Na mwinuko ndio wa kuangalia kuliko umbali. Nimeona mabonde ya ndani yanayofurika kuliko nyumba za mwambani zilizo karibu na maji.

Mama_Wawili

Nimempigia dalali. Nimemwambia nataka kuiona ile ya ufuoni siku inayofuata mwezi mpevu, saa ya maji kujaa. Kasema siku hiyo hana nafasi, twende wiki moja baadaye.

Fundi_Nondo

Wiki moja baada ya mwezi mpevu ni maji mafu. Nenda siku yako, hata bila yeye. Mfereji uko nje, hauhitaji ufunguo. Piga picha uziweke hapa, na ile ya chini ya baraza usiisahau.