Leza iko chini, inapimaje ozoni ya huko juu?

Swali: Wakuu habari zenu, hivi leza ikiwa chini huku inajuaje ozoni, ile gesi inayotukinga na miale mikali ya jua, iliyoko kilomita 25 juu ni kiasi gani? Mwanga ukishapanda si umepanda tu?

Jibu: Haupandi wote mkuu. Molekuli za hewa zinautawanya, na sehemu ndogo mno inarudi chini inadakwa na darubini. Ujanja uko hapa sasa, wanarusha mawimbi mawili ya mwanga, la urefu wa nanomita 308 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) ambalo ozoni inalimeza na la 355 ambalo karibu hailigusi, halafu wanalinganisha yaliyorudi, pale la 308 linapofifia haraka kuliko mwenzake ndo ozoni imejaa.

Muulizaji: Nimekupata, ila kimo wanakijuaje?

Jibu: Kwa muda tu. Kwenda kilomita 30 na kurudi mwanga unatumia kama sekunde 0.0002, na leza inapiga mapigo mafupi sana.

Mwingine: Niongezee, vipimo hivi vinafanyika usiku maana jua linaufunika ule mwanga dhaifu, wanajumlisha mapigo ya masaa kadhaa, na mawingu mazito yakitanda basi tena. Volkano ya Pinatubo kule Ufilipino ilipolipuka 1991 ilijaza matone ya asidi ya salfa huko juu yakavuruga hesabu kabisa, ikabidi wategemee mwanga wa Raman, yaani unaorudishwa na naitrojeni ukiwa umebadilika urefu wa wimbi, 308 inakuwa 332 na 355 inakuwa 387, maana matone hayarudishi mwanga wa aina hiyo. Kwangu mimi hiyo ndo akili kubwa kuliko zote! Vituo vya Haute-Provence Ufaransa na Mauna Loa Hawaii vimepima hivi miaka mingi, na data zake zinatumika kukagua satelaiti.