Mbio za Jumapili 🏃🏾

Katibu Hamisi (19:52): Wadau salaam. Masika imeisha, Jumapili hii tunarudi, saa 11 alfajiri viwanja vya Mwembeyanga, asije mtu kusema hakuona. Tangu kabla ya mfungo hatujakimbia, hiyo ni miezi mitatu na ushee, kwahiyo habari za Uwanja wa Mkapa hakuna. Tunakimbia dakika 2 tunatembea 2, mara 8, basi kila mtu kwake

Dulla: 😂😂 kutembea? hiyo jogging au tunapeleka posa

Mama Zai: mi nipo. supu ipo?

Katibu Hamisi: Dulla cheka tu na kitambi hicho. Ukishindwa kuitikia wimbo mpaka mwisho ujue umezidisha, punguza. Wiki ya pili tunaongeza kidogo. Na mruko wa kichura marufuku mwezi mzima

Nesi Rehema: Katibu yuko sahihi. Pumzi inarudi upesi ila kano na mifupa vinachelewa, ndo maana mtu wiki ya pili anajiona yuko fiti halafu anachanika. Wenye presha na sukari nioneni kabla ya Jumapili

Dulla: mi natoka kama Filbert Bayi, mbele mwanzo mwisho

Anko Ally: kitambi kitatangulia wewe utafuata 😂

Katibu Hamisi: Tupo 64 humu waliojibu wanne. Andikeni majina
1. Hamisi
2. Mama Zai
3.

Side Fundi (21:17): Hongereni. Hayo ya dakika 2 mbili mwaka jana mlikuwa hamyajui? Mlinitoa kwenye mfungo moja kwa moja mpaka Mbagala, kigimbi kikachanika pale Rangi Tatu, mkaimba mkapita

Katibu Hamisi: Side hayo si yaliisha kwa mwenyekiti

Side Fundi: mliyamaliza nyie

Mama Zai: bajaji nililipa mimi jamani 6,000 na sijadai

Dulla: hapo ndo kashadai 😂😂

Katibu Hamisi: Tusitoke nje ya mada. Filimbi anayo nani

Mzee Chande (22:40): Assalaam aleykum. Bayi mnamtaja kwa mzaha. Mwaka 1974 kule Christchurch alitangulia mita 1500 zote akaweka rekodi ya dunia, na hakutokea kitandani. Siku ya Rangi Tatu mimi nilikuwa kwenye kirikuu cha maji, niliwaita mgeuke, hamkusikia kwa nyimbo zenu. Jumapili mbele anakaa Side. Asipitwe na mtu. Akitembea mnatembea.

Katibu Hamisi (23:05): Sawa mzee tumekusikia

Anko Ally: sawa mzee

Dulla (06:31): shkamoo mzee, nilikua natania tu

Mama Zai: Side kwahiyo unakuja?

Katibu Hamisi: Side

Katibu Hamisi: Side tiki za bluu naziona

Mwajuma Kona (11:48): samahanini ndo naona meseji. ni Jumapili hii au ijayo? na filimbi si alibaki nayo Side