Kusafisha gobore: sabuni ya vyombo inatosha au ninunue dawa maalumu?

Kibweta
Habari za jioni wakuu. Nimeachiwa gobore na mjomba, kibali kimeshahamia kwenye jina langu. Wikiendi nataka kulipeleka kwenye shabaha, ila kwanza naomba ushauri wa usafi. Nimeona chupa ya dawa ya kusafishia mitutu ya baruti nyeusi, bei yake imenikatisha tamaa. Nyumbani nina sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, siki, mafuta ya taa, spiriti, dawa ya kusafishia vioo na WD-40. Kipi kinaweza kuchukua nafasi ya ile chupa? Au nijikaze tu ninunue? Nawasilisha.

Mdeki Mrefu
Mkuu, umeuliza bila kusema kitu. Ni la gumegume (la jiwe la cheche) au la fataki (kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa)? Mjomba alikuwa anatumia baruti nyeusi halisi au hizi mbadala kama Pyrodex? Mtutu unachomoka kirahisi au umefungwa kwenye mbao kwa pini? Mara ya mwisho limepigwa lini? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Sajini Mstaafu
Mbona hakuna aliyeuliza la kwanza kabisa: limeshindiliwa au ni tupu? Gobore la kurithi lihesabu lina risasi mpaka uthibitishe mwenyewe. Ondoa fataki kama ipo. Tumbukiza mdeki (ule ufito wa kushindilia) taratibu hadi ugote, huku mwili wako hauko mbele ya mdomo wa mtutu. Weka alama ya kalamu usawa wa mdomo, utoe, uulaze kando ya mtutu kwa nje. Ncha ikiishia vidole kadhaa kabla ya usawa wa fataki, kuna kitu mle ndani. Na usijidanganye kwamba baruti imezeeka. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haichoki.

Maji Moto
Sajini kasema kweli. Nikirudi kwenye swali: chupa usinunue. Baruti nyeusi ni shura kama 75 kwa mia, makaa 15, kiberiti (salfa) 10. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, inakuwa chumvi za potasiamu. Nyingine zinatoka na moshi, nyingine zinaganda ndani ya mtutu, na hizo ndizo zinazovuta unyevu hewani na kuleta kutu. Chumvi inaondolewa na nini? Maji. Soma vibandiko vya hizo dawa, nyingi msingi wake ni maji na sabuni vilivyotiwa rangi.

Mimi nachomoa mtutu, natoa kile kichuchu kinachokaa fataki, nasimamisha kitako cha mtutu kwenye ndoo ya maji ya moto yenye matone machache ya sabuni. Kitambaa kwenye mdeki, panda shuka. Kikipanda kinavuta maji kupitia tundu la fataki, kikishuka kinayasukuma. Yanatoka meusi tii, yananuka yai bovu. Badilisha maji mpaka yatoke safi, suuza, kausha, paka mafuta. Basi.

Baridi Tosha
Hapo kwenye maji ya moto ndipo mnapoharibu bunduki za watu. Chuma chenye joto na unyevu kinatoa kutu papo hapo. Utaona vumbi la rangi ya chungwa kwenye kitambaa cha kwanza kikavu kabla hata hujashika chupa ya mafuta. Chumvi hizo zinayeyuka hata kwa maji ya kawaida. Ya uvuguvugu yanatosha.

Maji Moto
Hilo vumbi linafutika kwa kitambaa kimoja cha mafuta. Faida ya moto ni kwamba mtutu unajikausha wenyewe, hata kwenye pembe ambazo kitambaa hakifiki. Wewe wa maji baridi unakaushaje kwenye hesi za kichuchu?

Baridi Tosha
Spiriti. Inafukuza maji, inakauka yenyewe. Na anayo, kaitaja.

Mama Shabaha
Moto, baridi, vyote ni maji, mnagombana bure. Hatari ni mtu anayeogopa maji kabisa. Nilimwazima mwenzangu wa klabu bunduki yangu ya fataki, mtutu wenye michirizi ya ndani, mzuri kweli. Alipomaliza kupiga akaamua kwamba maji na chuma haviivi chungu kimoja. Akamimina mafuta ya injini mdomoni, akapitisha kitambaa, kikatoka na weusi kidogo, akaridhika. Ilirudi inang'aa nje, nami nikaifungia kabatini.

Msimu uliofuata mdeki ukakwama katikati. Masizi ya baruti na yale mafuta vilikuwa vimeshikana vikawa lami. Kitambaa nilichofanikiwa kukivuta kilikuwa na ukoko mweusi unaonata vidoleni, na ndani ya weusi ule michirizi ya kutu nyekundu. Kichuchu kikagoma kufunguka, spana ikateleza na kula kingo zake. Fundi alikilowesha kwa mafuta ya kulegeza kutu, siku baada ya siku, hadi kikatoka na hesi zimeliwa. Tulipoosha mtutu kwa maji ndipo tukaona vishimo, kuanzia panapokaa baruti kupanda juu. Sasa kila kitambaa kinachozungushiwa risasi kinachanika kikishuka, na shabaha imekwenda. Yule bwana mpaka leo anajisifu kwamba alinisafishia.

Kwa hiyo Kibweta, mafuta ya taa na WD-40 visiguse masizi kabla ya maji. WD-40 ni nzuri baada ya kuosha, inasukuma unyevu nje, lakini si mafuta ya kuhifadhia. Ifute, kisha paka mafuta ya bunduki.

Kibweta
Asanteni wakuu, pole sana Mama Shabaha. Ni la fataki. Mtutu una pini tatu zinazopita kwenye mbao. Baruti sijui, kopo halina maandishi. Na siki je? Nimesikia inakula kutu.

Mdeki Mrefu
Siki ni asidi. Inakula kutu, ikimaliza inaendelea na chuma chenyewe, na ile rangi nyeusi ya nje inaibeba yote. Achana nayo. Dawa ya vioo inategemea: yenye amonia inashambulia shaba nyeupe, na magobore mengi yana vipande vya shaba kwenye mbao. Dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini ndiyo usiilete kabisa, inakula chuma, na ikikutana na amonia inatoa gesi ya sumu.

Pini usizitoe kila mara, mbao zitapasuka. Ziba tundu la kichuchu kwa kijiti, mimina maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ziba mdomo kwa kidole gumba, pindua juu chini, mwaga, rudia. Angalia maji yasiingie kati ya mtutu na mbao. Na kopo lisilo na maandishi lisitumike. Hujui ni nini.

Fundi wa Usiku
Mmesahau mchanganyiko wa theluthi: haidrojeni peroksaidi, spiriti na sabuni ya mafuta ya kusafishia mbao, sawa kwa sawa. Unakula masizi kwa povu.

Baridi Tosha
Na unakula chuma. Peroksaidi kazi yake ni kutoa oksijeni, halafu unashangaa kutu imetoka wapi? Ukiufungia kwenye chupa isiyopumua, gesi inajaa humo.

Fundi wa Usiku
Nautumia miaka na mtutu wangu ni kioo.

Mama Shabaha
Kwa sababu unausuuza. Ungesuuza hivyo kwa maji matupu ungepata kioo kilekile.

Kibweta
Nimepima na mdeki. Umepungua kama vidole viwili.

Sajini Mstaafu
Weka chini. Usitie maji, usitie mafuta, usijaribu kulifyatua "uone". Elekeza mdomo mahali salama, mpigie fundi wa bunduki mwenye leseni, mweleze kabla ya kulibeba.

Mdeki Mrefu
Naunga mkono, ila msimtishe kupita kiasi. Baadhi ya mitutu ina chumba cha baruti chembamba kuliko mtutu wenyewe, ncha pana ya mdeki inagota mapema hata kama hakuna kitu. Fundi ndiye atakayesema.

Maji Moto
Fundi akishalimaliza hilo: kwa kuhifadhi, hakuna kinachoshinda nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya mnyama. Ukipaka kila mara mtutu unakolea kama sufuria ya chuma na haushiki kutu.

Baridi Tosha
Mtutu haukolei. Sufuria unaichoma kwa moto hadi mafuta yanakuwa ngozi ngumu. Ukifanya hivyo kwenye mtutu umejitengenezea tabaka la masizi, basi. Na mafuta ya mnyama gani? Ya nguruwe mimi siyagusi.

Mama Shabaha
Ya ng'ombe au kondoo yapo, mradi hayana chumvi. Suala hilo si dogo: mwaka 1857 askari wa India waliasi Waingereza, na cheche mojawapo ilikuwa uvumi kwamba karatasi za risasi za bunduki mpya za Enfield zimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Walitakiwa kuzichana kwa meno.

Fundi wa Usiku
Mafuta ya zeituni hayana dini na yananitosha.

Maji Moto
Yanatosha kwa wiki. Yakikaa yanaanza kunata, kama mafuta mengi ya kupikia. Nta haifanyi hivyo.

Fundi wa Usiku
Wiki ngapi? Maana yangu hayajanata.

Mzee Kasiba
Nimechelewa kuingia, sijasoma yote. Kuna mwenye mdeki wa shaba anaouza? Wa mbao wangu umepasuka kwenye ncha.