Mwanagenzi wa gereji alipe ada au alipwe posho?

Mleta mada (Ngamiani): Wakazi wenzangu wa Tanga, kuna wazazi wanaotakiwa kumlipa fundi kabla mtoto wao hajashika spana. Naona kijana akishaanza kufungua injini mwenyewe, na mteja akalipia kazi hiyo, anastahili posho, angalau ya nauli na chakula cha mchana. Miezi ya mwanzo, anapofagia na kutumwa chai tu, hatudai kitu.

Fundi wa magari: Mwanangu, hilo la kutumwa chai limeniudhi. Anayefagia gereji yangu huokota nati, akajua ipi ni ya spana namba 10 na ipi ni ya namba 12, akazoea kila kifaa mahali pake. Akiharibu uzi wa bolti kwenye injini ya mteja, hasara ni yangu na wala simpelekei baba yake ankara. Mnataka nilipe hasara yake, kisha nimlipe na posho?

Mwalimu wa ufundi: Shikamoo mzee wangu. Ufagio hatuudharau. Ninachouliza ni hiki: baada ya miaka mitatu, huyo kijana anaondoka na nini mkononi? VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani, ambapo fundi hupimwa kwa vitendo na kupewa cheti. Umewapeleka wangapi?

Fundi wa magari: Marahaba. Niliowafundisha wana gereji zao Makorora na Mabawa, na hakuna mteja aliyewaomba cheti. Gari likiwaka, limewaka.

Dada wa Chumbageni: Baba, mteja wa mtaani haombi, lakini kazi kubwa zinaomba. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapo Chongoleani, na kwenye kazi za namna hiyo mchomeleaji hapokewi kwa sifa za mageti aliyotengeneza. Huchomelea kipande cha majaribio, kikapimwa, na matokeo yakawekwa kwenye kumbukumbu. Mdogo wangu anachomelea vizuri sana na hana karatasi hata moja. Inaniuma kuona wageni wakipita mbele yake.

Mleta mada: Dada, nakubaliana nawe, ila tusiiache posho. Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, na sehemu yake huenda VETA. Gereji ya watu watatu iko nje ya hesabu hiyo, ingawa ndiyo inayofundisha vijana wetu wengi. Kwa nini sehemu ya fedha hiyo isimfikie fundi anayefundisha, kwa mkataba ulioandikwa?

Fundi wa magari: Mkataba ukitaja bolti zinazoharibika, nitausaini, na posho nitatoa. Lakini ada ya huo upimaji msiniwekee mimi.

Dada wa Chumbageni: Basi nani ailipe, baba? Mdogo wangu hana hata nauli ya kwenda chuoni kuuliza.