Australia: bei ya kwenye menyu siyo utakayolipa, na wenye familia ndio wanaokamuliwa zaidi

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Kila Pasaka na Krismasi zikikaribia humu hujaa maswali: wapi nimpeleke mwenza wangu Sydney, ukumbi gani wa kipaimara Melbourne, Gold Coast na watoto ni shilingi ngapi. Majibu yanakuja na bei zilizookotwa mtandaoni. Zile bei ni chambo. Kila senti inayoongezeka juu yake imeandikwa mahali, ila ni mahali ambapo mtu mwenye njaa na watoto wawili mkononi hawezi kupatazama.

Tuanze na mtoko wa watu wawili. Chukua chakula cha dola 140 za Australia siku ya sikukuu. Migahawa mingi huongeza asilimia 10 Jumapili na 15 sikukuu, kwa hiyo 140 inakuwa 161. Unagusisha kadi, inaongezwa asilimia 1.5, na inapigwa juu ya 161, siyo juu ya 140: dola 163.42. Hapo mashine inakuletea ukurasa wa bakshishi wenye vitufe vitatu vikubwa vya asilimia, na cha kukataa kipo chini kwa herufi ndogo, huku mhudumu kasimama hapo hapo. Bonyezeni kukataa bila aibu. Australia bakshishi si lazima. Kima cha mshahara wa mhudumu kimewekwa kisheria, na siku ya sikukuu anastahili mara mbili au zaidi ya kiwango chake cha kawaida. Ada ya sikukuu mmetozwa kwa sababu hiyo hiyo, kwa nini mlipie jambo moja mara mbili?

Ada yenyewe si haramu, na hapa ndipo watu wanapobishana bure na mhudumu. Mgahawa unaruhusiwa kutoza, kwa sharti kwamba menyu ionyeshe asilimia na siku inayohusika, kwa maandishi yanayoonekana wazi kama bei inayoonekana zaidi kwenye menyu hiyo. Karatasi iliyobandikwa nyuma ya kaunta haitoshi. Mstari wa kijivu unaojitokeza mwisho kabisa, baada ya kuagiza kwa kuskani msimbo wa QR mezani, ndio uhuni ninaoulalamikia. Na mtu asiwaongezee "kodi" mwishoni: GST, yaani kodi ya bidhaa na huduma, ya asilimia 10 inatakiwa iwe tayari ndani ya bei mnayoiona.

Kadi nayo ina kanuni (hakikisheni haijabadilika). Mfanyabiashara haruhusiwi kutoza zaidi ya kile kinachomgharimu yeye kupokea malipo ya kadi. Na kama duka halipokei fedha taslimu, hakuna njia nyingine ya kulipa, basi ada hiyo inatakiwa iwe ndani ya bei tangu mwanzo. Ni migahawa mingapi isiyotaka noti inayowaongezea ada ya kadi kila siku, nanyi mnanyamaza?

Kinachonichemsha damu zaidi ni sikukuu za majimbo, kwa sababu hapa hata mwenyeji mzoefu hunaswa. Siku ya Wafanyakazi ni Jumatatu ya kwanza ya Machi Western Australia, Jumatatu ya pili ya Machi Victoria, Jumatatu ya kwanza ya Mei Queensland, na Jumatatu ya kwanza ya Oktoba New South Wales. Melbourne wana mapumziko Jumanne ya kwanza ya Novemba kwa ajili ya mbio za farasi. Sasa wewe umetoka Brisbane, kwenu ni siku ya kazi, umekata tiketi ya ndege ya bei rahisi ukajiona mjanja, unatua Melbourne kila mgahawa umeshapandisha. Kabla ya kukata tiketi fungueni kalenda ya jimbo MNALOKWENDA. Halafu kumbukeni Ijumaa Kuu na Krismasi maduka mengi yanafungwa, kwa hiyo nunueni chakula siku moja kabla, la sivyo mtalishwa na kituo cha mafuta.

Wenye watoto wadogo wanaumia kuliko wote. Yaya wa kulipwa kwa saa anadai dola 25 hadi 35. Saa nne ni dola 100 hadi 140, yaani bei ya chakula chenyewe. Mgahawa umechukua namba ya kadi wakati wa kuweka nafasi, na masharti yanasema ukighairi ndani ya saa 24 au 48 unakatwa kwa kila kichwa. Mtoto akishikwa na homa alasiri, mnalipia chakula ambacho hamkukila, na yaya pia pengine anataka chake. Kabla ya kuthibitisha ulizeni mambo mawili: mwisho wa kughairi ni saa ngapi, na je, mnaweza kusogeza tarehe badala ya kukatwa. Tarehe 14 Februari msijisumbue. Ni menyu moja ya kulazimishwa, meza mnaachiwa kwa saa mbili tu, kisha wanaingia wengine. Nendeni tarehe 15.

Shughuli za familia sasa. Kwenye kumbi muda unaokodi unahesabu kupamba NA kufagia. Ukikodi mpaka saa sita usiku, maana yake saa sita usiku ukumbi uwe mtupu, viti vimepangwa, takataka zimetoka. Sisi kadi ya mwaliko inasema saa kumi na moja jioni, wageni wanaingia saa tatu usiku, MC anaanza utambulisho saa nne. Saa za ziada zinakatwa kwenye amana. Na udi! Tafadhali sana. Chetezo chini ya king'ora cha moshi, au mashine ya moshi ya DJ, vinaweza kuita gari la zimamoto bila mtu kupiga simu, na ada ya kuwaita pasipo moto wa kweli inaweza kuzidi dola 1,000. Mwenye ukumbi anaweza kumbebesha bili hiyo aliyesaini mkataba. Mulizeni mwenye ukumbi vihisio viko wapi, na moshi ubaki nje.

Nafuu ipo kwenye bustani za halmashauri, majiko ya umeme ya bure ya kubonyeza kitufe. Yanajizima baada ya dakika kadhaa, bonyezeni tena kabla bamba halijapoa, la sivyo kuku anachemka badala ya kuiva. Mkaa wenu uacheni nyumbani siku ya marufuku ya moto, hiyo ni faini nzito na ni hatari ya kweli kwa nyumba za watu.

Safari: uwanja wa ndege wa Sydney, kupita tu geti la stesheni ya treni ni zaidi ya dola 17 kwa mtu mzima mbali na nauli. Mtu na mwenzake, kwenda na kurudi, ni zaidi ya dola 68. Basi namba 420 linawafikisha stesheni ya Mascot, ambako ada hiyo haipo. Gari la kukodi, someni kiasi mtakachobeba wenyewe likiumia, kwa kawaida ni maelfu ya dola, na kama mkataba unaruhusu barabara ya vumbi na kuendesha usiku nje ya mji, maana kangaruu hutoka jua likizama. Kiti cha mtoto mlichokuja nacho kutoka Nairobi au Muscat hakikubaliki bila alama ya AS/NZS 1754, yaani kiwango cha usalama cha Australia na New Zealand.

Mkitozwa visivyo, pigeni picha ya menyu na ya risiti kabla hamjatoka, mdaini meneja kwa barua pepe, akikaidi nendeni ofisi ya jimbo ya kulinda wateja (New South Wales na Queensland ni Fair Trading, Victoria ni Consumer Affairs). ACCC, tume ya taifa ya ushindani na haki za wateja, wapelekeeni taarifa, ila wao hawamfuatilii mtu mmoja mmoja kurudishiwa fedha.

Wa Perth, Adelaide na Darwin, wekeni hapa chini: siku gani, asilimia iliyoandikwa kwenye menyu, na asilimia iliyotozwa kwenye risiti. Ficheni namba za kadi.