Betri za redio ya Bibi

Kikundi: Watoto wa Bibi Mwanahawa
Jumamosi

Rehema: Shikamooni wote. Mjomba Saidi upo? Ile mita ya kupimia umeme uliyoniachia imekufa 😭

Mjomba Saidi: Marahaba. Imekufaje? Niliiacha nzima.

Rehema: Kwenye volti inasoma. Nikiiweka kwenye mkondo, sifuri tupu. Nilitaka kujua betri ina mkondo kiasi gani, nikagusisha nyaya zake mbili kwenye ncha za betri.

Mjomba Saidi: Hapo ndipo ulipoiua. Kupima volti unagusa huku na huku ya kitu. Kupima mkondo unakata njia, mita inakaa katikati, umeme upite ndani yake. Ukiibandika kwenye betri hivihivi umepiga shoti.

Mama Mdogo Zuhura: Taratibu na mtoto, ana ripoti ya fizikia Jumatatu

Mjomba Saidi: Fungua mgongo wa mita, kuna kafyuzi ka kioo. Uzi wake umekatika. Nyingine zimo kwenye kopo la maziwa juu ya kabati la Bibi. Na usizungushie foili!!

Rehema: Imepona 🙏🏾

(baada ya saa moja)

Rehema: Mjomba haitoki. Rezista moja, kile kidude cha kuzuia umeme, nimeongeza betri mojamoja:
betri 1, volti 1.5, miliampea 12.9
betri 2, volti 3.0, miliampea 25.2
betri 3, volti 4.5, miliampea 37.8
Nikigawanya volti kwa mkondo napata ukinzani, yaani inavyozuia umeme: omu 116, 119, 119. Rangi za mistari yake ni kahawia, nyeusi, kahawia, dhahabu. Si omu 100 hiyo?

Mjomba Saidi: Ni 100. Dhahabu maana yake isizidi wala kupungua zaidi ya asilimia 5. Kwa hiyo 119 haimo kabisa.

Juma: Andika 15, 30, 45 ulale. Sisi wote tulipika hivyohivyo 😂

Mjomba Saidi: Juma nyamaza. Rehema, hizo volti umezipima au umezisoma kwenye ganda la betri?

Rehema: ...

Rehema: Kwenye ganda

Mjomba Saidi: Haya. Ganda linasema betri ilipotoka dukani. Mkondo umeupima leo, volti umeandika za dukani. Rudisha waya ulipokuwa umekata, weka mita kwenye volti, gusa miguu miwili ya rezista yenyewe.

Rehema: 1.28, kisha 2.51, kisha 3.76

Rehema: Subiri nagawanya

Rehema: 99.2
99.6
99.5
MJOMBAAA

Mama Rehema: Hongera mwanangu 💃🏾 sijaelewa kitu lakini hongera

Mjomba Saidi: Umeona? Betri imechoka, ila volti zikipanda mara mbili mkondo nao unapanda mara mbili. Chora grafu, mstari utanyooka mpaka kwenye sifuri. Hiyo ndiyo kanuni ya Ohm. Huyo Ohm mwenyewe, mwalimu wa shule Ujerumani, betri zilimsumbua hivyohivyo, hazikutulia. Akaziacha. Akaunganisha shaba na metali ya bismathi, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu, akapata umeme usioyumbayumba. Kitabu chake kikatoka 1827.

Juma: Na mimi nikitumia balbu ya tochi badala ya rezista?

Mjomba Saidi: Leo umeuliza la maana. Ile yenye waya ndani, mstari utapinda. Waya ukipata moto ukinzani unapanda, kwa hiyo unaongeza volti lakini mkondo hauongezeki kwa kiasi kilekile. Joto hilohilo ndilo lililonifanya nimwambie Rehema asizidishe betri tatu. Rezista hiyo ni ya robo wati, kwa volti 6 kamili ingebeba wati 0.36. Ingeunguza kidole.

Mama Mdogo Zuhura: Swali langu ni moja. Hizo betri tatu zimetoka wapi? 👀

Rehema: 🙈

Bibi (ujumbe wa sauti, ameandika Mama Rehema): Anasema redio imenyamaza tangu adhuhuri, na saa mbili kuna taarifa ya habari. Anasema pia betri hizo alizianika juani wiki nzima ndiyo zikaamka, sasa mmezimaliza.

Mjomba Saidi: Shikamoo mama. Natuma hela ya mpya sasa hivi. Tatu?

Bibi (sauti): Anasema marahaba, nne. Moja ya Rehema, asiguse tena za redio.