Tupeane uzoefu: kuchora watu mitaani ukiwa nchi ya watu

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mchora mabango hapa Ngarenaro, Arusha. Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu Istanbul kufuata mzigo wa nguo. Yeye akiingia madukani, mimi nashinda daraja la Galata na daftari dogo na kalamu ya wino. Pale wavuvi wa mishipi hujipanga ukingoni kutwa. Samaki akinasa tu, mtu kageuka, mchoro umeharibika. Nikajifunza kuanza na kinachotulia: mgongo, kofia, ndoo. Mikono mwisho.

Mzee mmoja akaniona, akanyoosha mkono nimpe daftari. Akalitazama weee, kisha akachukua kalamu akachora ndoana mwisho wa uzi. Niliisahau. Akaniitia chai, ile ya bilauri ndogo yenye kiuno. Hatukuelewana hata neno moja, ila karatasi ile siiuzi.

Swali langu: mnaomba ruhusa kwanza, au mnachora kimyakimya?

Dada wa Kiboriloni:
Omba, kaka yangu. Mimi navuka mpaka wa Holili kwenda gulio la Taveta, upande wa Kenya. Siku ya kwanza nilimchora mama wa ndizi bila kusema. Alinifokea soko zima likageuka: "Unaniandika nini wewe?" Alidhani ni mtu wa ushuru, na alikuwa na haki. Sokoni anayekutazama huku anaandika huwa hana heri. Niliona aibu sana. Siku hizi naamkia, nanunua, namfunulia kurasa za nyuma aone, ndipo naomba.

Mzee wa Majengo, Moshi:
Tunatofautiana kidogo, binti yangu. Ukimwomba mtu, anakaa wima kama anapiga picha ya pasipoti, na ile kazi aliyokuwa akiifanya imekwisha. Kampala mimi hupanda ghorofani juu ya Old Taxi Park, nikachora zile teksi, yaani daladala za kwao, nyeupe zenye mstari wa drafti wa bluu. Watu kwa juu ni vichwa na mizigo, hakuna sura inayotambulika.

Mchora mabango:
Shikamoo mzee. Kwa mbali hivyo nakuelewa. Ila sura ya mtu, hapo niko na dada. Dada, yule mama ulikuja kumchora?

Dada wa Kiboriloni:
Nilimchora, gulio la tatu. Akataka nimwongezee hereni ambazo siku hiyo hakuvaa. Nikamwongezea, akaondoka na karatasi yake.